Harry Emerson Fosdick: mhubiri aliyebariki vita, kisha akatubu mbele ya kanisa lake



Leo tunawaletea maisha ya mhubiri mmoja wa Marekani ambaye jina lake wachungaji wengi wamelisikia darasani, mara nyingi kama jina la mtu wa kuogopwa. Harry Emerson Fosdick alikuwa kiongozi wa wale walioitwa waliberali, yaani Wakristo waliotaka imani izungumze na elimu ya kisasa bila hofu. Sisi hatukubaliani naye katika kila jambo, na tutasema wazi mahali tunapotofautiana naye. Lakini ndani ya maisha yake kuna jambo ambalo kila anayepanda mimbarani katika nchi yenye vita anapaswa kulijua. Mtu huyu aliwahi kutumia neno la Mungu kuwatia vijana moyo wa kwenda kuua na kufa. Miaka kumi na mitano baadaye, alisimama mbele ya kanisa lake akasema kwamba alikosea.

Mtoto aliyeogopa jehanamu

Fosdick alizaliwa tarehe 24 Mei 1878 katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Nyumba yao ilikuwa ya watu wanaosali, wanaosoma na wanaocheka. Alikuwa na umri wa miaka saba alipoomba mwenyewe kubatizwa, na akabatizwa katika kanisa la Wabatisti.

Lakini pamoja na upendo wa nyumbani, aliyasikia pia mahubiri ya moto na hukumu yaliyokuwa ya kawaida siku zile. Alikuwa mtoto mwenye moyo mwepesi kuumia. Usiku alilia kitandani akiogopa kwamba ataenda jehanamu. Hofu ile hakuisahau. Alipokuwa mtu mzima alisema mara nyingi kwamba dini inayomtisha mtoto hivyo imepotosha sura ya Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo.

Alipofika chuo cha Colgate, imani ya utoto wake ilianza kutikisika. Kwa muda alifikiri kwamba atamwondoa Mungu kabisa katika mawazo yake na kuanza upya. Aliyemsaidia alikuwa profesa wa theolojia, William Newton Clarke, mzee mnyenyekevu aliyemwonyesha kwamba kweli ya Injili haibadiliki, hata kama lugha na fikra za kuielezea hubadilika kizazi baada ya kizazi. Fosdick alimaliza masomo ya Colgate mwaka 1900, akiwa ameamua kuwa mhubiri.

Kuvunjika kwa moyo

Mwaka 1901 alihamia jiji la New York kusoma katika seminari ya Union. Alikuwa kijana mwenye bidii kupita kiasi. Pamoja na masomo, alifanya kazi katika misheni kwenye mtaa wa Bowery, mahali pa walevi na watu wasio na makao. Mwili na akili vilishindwa. Akapoteza usingizi, akaingia katika giza la huzuni ambalo hakuweza kulieleza kwa mtu. Ilifika siku moja nyumbani kwao alikuwa tayari kujiondolea uhai, na sauti ya baba yake ikimwita kwa jina ndiyo iliyomrudisha.

Alilazwa kwa miezi minne katika nyumba ya matibabu huko Elmira. Baadaye alisafiri kidogo Ulaya kupumzika, kisha akarudi masomoni na kuyamaliza mwaka 1904.

Tunakaa kidogo hapa, kwa sababu watu wetu wengi hudhani kwamba mtu akiugua moyoni namna hii, basi hana imani, au ana pepo, au ameficha dhambi fulani. Fosdick alikuwa anaomba kabla ya kuugua, na aliendelea kuomba wakati wa ugonjwa. Yeye mwenyewe alishuhudia kwamba katika giza lile ndipo alipojifunza maombi kwa kweli, si kama somo la darasani, bali kama kilio cha mtu anayezama. Mwaka 1915 alitoa kitabu kuhusu maana ya maombi, The Meaning of Prayer, kilichosomwa na watu wengi mno na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Alikiri kwamba bila ugonjwa ule asingeweza kukiandika. Wala hakuona aibu kusema kwamba madaktari pia walikuwa mkono wa Mungu kwake.

Mchungaji wa Montclair, na vita

Aliwekewa mikono kuwa mchungaji mwaka 1903. Mwaka uliofuata alimwoa Florence Whitney, na Mungu akawapa mabinti wawili, Elinor na Dorothy. Mwaka huohuo alianza kazi katika kanisa la Wabatisti la Montclair, New Jersey, akakaa huko hadi 1915. Hapo alijifunza kuhubiri na kuandika. Moja ya vitabu vyake vya kwanza, The Second Mile, kilitoka mwaka 1908, kikitokana na fundisho la Bwana katika Mathayo 5:41 kuhusu kutembea maili ya pili. Mwaka huohuo alianza kufundisha Union, na kuanzia 1915 akawa profesa huko. Kazi ya kuwafundisha wahubiri vijana aliifanya hadi 1946.

Ndipo vita vikaja. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mwaka 1917. Wachungaji wengi wa nchi ile walivishangilia kama vita vitakatifu. Fosdick hakuwa mtu wa chuki, lakini aliamini kwamba vita vile vingemaliza vita vyote. Aliandika kitabu kidogo cha kuwaeleza Wakristo kwa nini wanapaswa kushiriki, nacho kikasomwa sana. Mwaka 1918 alivuka bahari akaenda Uingereza na Ufaransa chini ya shirika la YMCA, akaenda kambi kwa kambi akiwahubiria askari.

Siku moja, jua likitua, alisimama katika ghala lililobomoka nyuma ya mstari wa mapigano. Mbele yake kulikuwa na kikosi cha vijana wa kurusha mabomu ya mkono. Usiku uleule walikuwa wanatumwa kuvamia mahandaki ya Wajerumani. Alikuwa ameambiwa kwamba kwa kawaida nusu tu ya kikosi kama kile hurudi. Akahubiri ili kuwatia nguvu. Wakaondoka gizani.

Aliporudi nyumbani alikuwa amebeba kitu moyoni. Alikuwa ameona miili iliyokatwakatwa na hospitali zilizojaa. Alikuwa pia amesikia uongo unaosemwa kila upande ili vijana waendelee kupigana. Hakusema mengi wakati ule. Lakini mbegu ilikuwa imepandwa.

Mahubiri ya 1922

Baada ya vita, Fosdick aliitwa kuhubiri katika Kanisa la Kwanza la Presbiteri la New York. Yeye alikuwa Mbatisti, lakini walimpokea kama mhubiri mgeni wa kudumu. Watu walijaa hata nafasi za kusimama zikakosekana.

Siku zile makanisa ya Marekani yaligawanyika vikali. Upande mmoja walikuwa watetezi wa misingi, waliotaka kila mchungaji akiri mambo fulani kwa maneno yaleyale: Biblia isiyo na kosa lolote, Yesu kuzaliwa na bikira, kifo chake kama malipo kwa ajili ya dhambi, kurudi kwake kwa mwili. Upande mwingine walikuwa waliberali, waliosema kwamba Mkristo wa kweli anaweza kuyaelewa mambo hayo kwa namna tofauti. Mwaka 1921 Fosdick alikwenda China na Japani kuzungumza na wamisionari, akakuta ugomvi huo umewafuata hadi huko, na Wakristo wapya wakiangalia wazazi wao wa imani wakipigana.

Tarehe 21 Mei 1922 alihubiri juu ya Gamalieli, yule mwalimu wa torati katika Matendo 5 aliyelishauri baraza lisiwatese mitume. Swali lake lilikuwa kama watetezi wa misingi watafaulu kuwafukuza wengine kanisani. Aliwaheshimu kama Wakristo waaminifu, lakini akakataa kwamba wao peke yao wana haki ya kufunga mlango. Alitaka kanisa lenye nafasi ya kutofautiana, kwa sababu dunia ina kiu na majeraha, na watu hawawezi kungoja tumalize ugomvi wetu.

Kama mahubiri yale yangebaki ndani ya kuta nne, pengine yangesahauliwa. Lakini Ivy Lee, mtaalamu wa kutangaza habari aliyefanya kazi kwa tajiri John D. Rockefeller Junior, aliyachapisha na kuyatuma kwa wachungaji nchi nzima, nakala 130,000 hivi. Moto ukawaka. Mchungaji Clarence Macartney wa Philadelphia akajibu kwa mahubiri yake mwenyewe, akiuliza kama kutokuamini ndiko kutakakoshinda. Mwanasiasa maarufu William Jennings Bryan naye akaingia vitani. Jambo likafika kwenye Mkutano Mkuu wa Wapresbiteri mwaka 1923, na tena mwaka 1924, ambapo Macartney alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Uamuzi ulikuwa huu: Fosdick ajiunge rasmi na Wapresbiteri na kukubali ungamo lao la imani, au aondoke.

Hakutaka kutia sahihi kitu ambacho dhamiri yake haikukikubali chote. Akajiuzulu, na Machi 1925 akahubiri mara ya mwisho mbele ya watu waliojaa na wengi wao wakilia.

Hapa tuseme kwa uwazi. Sisi tunakiri kwamba Bwana wetu alizaliwa na bikira Maria, na tunamngoja arudi. Fosdick alipoyafanya mambo hayo kuwa ya hiari, tunaona alilegeza kamba ambayo haikupaswa kulegezwa. Macartney hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchungaji aliyelinda alichokabidhiwa. Na jambo linalotufundisha zaidi ni hili: watu hawa wawili waliandikiana barua kwa heshima, na Fosdick alipoandika habari za maisha yake akiwa mzee, alimsifu Macartney kwa uungwana na haki yake. Walipingana kwa nguvu bila kutukanana. Ni mara ngapi sinodi zetu huisha namna hiyo?

Kanisa la kando ya mto

Rockefeller alimwomba Fosdick awe mchungaji wa kanisa lake, Park Avenue Baptist. Fosdick alikataa kwanza. Alimwambia tajiri yule waziwazi kwamba hakutaka kujulikana kama mchungaji wa mtu tajiri kuliko wote nchini. Rockefeller hakukasirika, alirudi kumwomba tena. Fosdick akatoa masharti: kanisa lipokee Wakristo wa madhehebu yote bila kuwalazimisha wabatizwe upya, na lijengwe jengo jipya, si kwenye mtaa wa matajiri, bali mahali watu wa namna nyingi wangefika. Masharti yakakubaliwa.

Ndivyo lilivyozaliwa Kanisa la Riverside, juu ya kilima kando ya mto Hudson, karibu na chuo kikuu cha Columbia. Wakati wa ujenzi, Desemba 1928, moto uliharibu kazi nyingi, wakaanza tena. Ibada ya kwanza ilifanyika Oktoba 1930, na jengo likawekwa wakfu Februari 1931. Kwenye mlango mkuu, pamoja na watu wa Biblia, zimechongwa sanamu za wanasayansi, hata Darwin, na Einstein aliyekuwa bado hai. Kwa ajili ya kanisa hilo Fosdick alitunga wimbo wa kumwomba Mungu wa neema na utukufu awape watu wake hekima na ujasiri. Wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi, hata yale yaliyompinga.

Lakini wakati ule Marekani ilikuwa imeingia katika njaa na ukosefu wa kazi. Jengo zuri lilisimama katikati ya watu waliopanga foleni ya mkate. Wapo waliomlaumu Fosdick kwamba fedha ya mafuta ilimfunga mdomo, na swali hilo ni la haki kuliuliza kwa kila mchungaji anayekula meza ya tajiri. Kanisa lilijitahidi kuwasaidia wasio na kazi. Na, kama tutakavyoona, hakukosa ujasiri wa kusema yasiyowapendeza wakubwa.

Mhubiri anayesikiliza

Watu walimfuata Fosdick kwa sababu aliwajua. Mwaka 1928 aliandika makala ya kuwauliza wahubiri shida ya mahubiri yao ni nini. Alisema kwa utani kwamba wahubiri wengine husimama kana kwamba watu wamekuja kanisani wakiwa na hamu kubwa ya kujua yaliyowapata Wayebusi. Kwake, mahubiri yalipaswa kuanza na tatizo la kweli la mtu aliyekaa pale kwenye benchi: hofu yake, hatia yake, ndoa inayovunjika, mtoto aliyekufa. Kisha Neno la Mungu liletwe juu ya kidonda hicho. Hakuwa na maana kwamba Biblia iwekwe kando. Aliandika vitabu kadhaa kuwasaidia watu kuisoma.

Ndiyo maana alitenga saa za kukutana na watu mmoja mmoja. Alipoona shida zinazopita uwezo wake, alitafuta ushauri wa madaktari wa magonjwa ya akili, akajifunza kutoka kwao. Yule kijana aliyelazwa Elmira alijua watu wale wanahisi nini. Kitabu chake cha mwaka 1943, On Being a Real Person, kilitoka katika miaka hiyo ya kusikiliza. Pia alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa dini kuwaunga mkono Alcoholics Anonymous, walevi waliosaidiana kuacha pombe, wakati kundi lao lilikuwa bado dogo na watu wakiwadharau.

Kuanzia 1927 hadi 1946 alihubiri kwa redio kila Jumapili katika kipindi kilichoitwa National Vespers. Mamilioni walimsikia, na wengi hawakuwa na kanisa lolote.

Toba ya 1933

Sasa turudi kwenye lile ghala lililobomoka.

Marekani, kama nchi nyingine, ilikuwa imezika askari mmoja asiyejulikana jina, ili awawakilishe wote waliokufa vitani. Kaburi lake lipo Arlington. Kila mwaka mwezi wa Novemba wakubwa walikwenda kuweka mashada na kutoa hotuba. Tarehe 12 Novemba 1933, Fosdick alihubiri Riverside kuhusu askari huyo. Lakini hakumsifu kama hotuba zilivyomsifu. Alisema ana deni naye. Akauliza kama kijana yule alikuwa mmoja wa wale aliowahubiria. Akasimulia habari za jioni ile na kikosi cha warusha mabomu, na jinsi yeye, mtumishi wa Kristo, alivyowatia moyo kwenda kuua na kuuawa. Akasema vita huchukua walio bora, nguvu zao, uaminifu wao na moyo wao wa kujitoa, na kuvitumia kwa uharibifu. Mwisho akaapa kwamba hatabariki tena wala kuunga mkono vita vingine vyovyote.

Tufikiri uzito wa jambo hili. Alikuwa mhubiri maarufu kuliko wengi nchini. Hakuna aliyemshtaki, na kitabu chake cha 1917 kilikuwa kinasahauliwa. Angeweza kunyamaza, au kusema kwamba wote walikosea. Badala yake alilitaja kosa kama lake, mahali pa wazi, mbele ya watu waliomheshimu.

Kiapo hicho kilijaribiwa. Vita vya pili vilipokuja, wengi waliokuwa wameapa pamoja naye waligeuka. Reinhold Niebuhr, mwenzake katika Union, alifundisha kwamba kukataa vita mbele ya uovu kama wa Hitler ni kuwaacha wanyonge mikononi mwa mwuaji. Hoja hiyo si nyepesi, na sisi hatudai kwamba Fosdick aliijibu yote. Lakini alishika neno lake bila kujitenga na watu. Riverside ilifungua milango kwa vijana wa jeshi la majini waliokuwa wakifundishwa karibu hapo, wakasali humo. Aliwachunga askari, na aliwatetea waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri. Alichokataa ni kimoja: kuviita vita vitakatifu.

Uwezo wake wa kujikosoa haukuishia hapo. Mwaka 1935 aliwahubiria waliberali wenzake kwamba kanisa linapaswa kuvuka usasa wao. Alisema walikuwa wamejishughulisha mno kuipendeza akili ya nyakati, wakapunguza uzito wa dhambi na ukuu wa Mungu, na kwamba sasa kanisa linapaswa kusimama na kuushtaki ulimwengu badala ya kuufuata.

Siku za mwisho

Alistaafu mwaka 1946, akaendelea kuandika. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha maisha yake, The Living of These Days. Vitabu vyake vyote vinakaribia hamsini. Kati ya waliovisoma alikuwa Martin Luther King, aliyemheshimu kama mmoja wa manabii wa wakati wao, na wanazuoni wameonyesha jinsi mawazo ya Fosdick yalivyoingia katika mahubiri ya King. Tarehe 4 Aprili 1967, King alisimama Riverside, katika kanisa lilelile, akapinga vita vya Vietnam waziwazi. Fosdick alikuwa bado hai, mzee wa miaka 88. Alifariki tarehe 5 Oktoba 1969 huko Bronxville, akiwa na miaka 91.

Tunachojifunza

Ndugu na dada, sisi tunaoishi mashariki mwa Kongo hatuhitaji kufundishwa vita ni nini kwa vitabu. Tumewazika watu wetu. Tumewaona vijana wakija kuombewa kabla ya kuchukua silaha, na tumesikia mimbara zikisema kwamba Mungu yuko upande wa kabila hili dhidi ya lile. Mchungaji akisema neno namna hiyo, haliishii kanisani. Linaondoka na kijana gizani, na pengine kijana harudi.

Maisha ya Fosdick yanatuuliza maswali matatu. Je, tunawajua watu tunaowahubiria, majeraha yao ya moyo pia, au tunawasimulia Wayebusi tu? Je, tunaweza kupingana juu ya mafundisho na bado kuandikiana barua kwa heshima? Na kama kinywa chetu kiliwahi kubariki damu, je, tuna ujasiri wa kukitumia kinywa hichohicho kutubu, mahali palepale, mbele ya watu walewale?

Fosdick hakumrudishia mama yeyote mtoto wake kwa mahubiri ya 1933. Lakini kuanzia siku ile hakuna kijana aliyetumwa vitani kwa baraka yake. Mungu atupe sisi wachungaji neema ya kufika hapo mapema zaidi kuliko yeye. Amina.